Tukialikwa harusi kati ya Masisi na Walikale

Bwana akitoka Masisi na bibi Walikale, harusi yao inakutanisha nchi mbili. Masisi ni milima, ng'ombe na baridi. Walikale ni pori kubwa, mto Lowa na joto. Masisi watatupokea na maziwa, jibini, maharagwe na viazi. Walikale na sombe ya mawese na ndizi. Tuonje vyote, maana kukataa chakula kunaumiza waliopika.

Tukienda Masisi tubebe sweta, Walikale, chandarua. Kitenge kinafaa pande zote. Tuulize hali ya njia mbele ya kutoka, na tusisafiri usiku.

Siku ya mahari wazee watasema Kinyanga, Kihunde au Kinyarwanda. Tusicheke lugha tusiyoisikia. Mama aliye karibu atatufasiria kwa Kiswahili. Mwaka 1993 vita ya makabila ilianza Ntoto, Walikale, ikapanda Masisi. Wako wazazi wanaoikumbuka, nao wamekubali kukaa mkeka mmoja. Mgeni asiwatonese kidonda kwa mzaha.

Tena, mahari peke yake haitoshi. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka wote wawili wawe na miaka 18, wakubali wenyewe, na ndoa iandikwe na serikali. Mume akifa, karatasi hiyo ndiyo itamtetea mama na watoto. Basi tukipokea mwaliko, tuulize kwa heshima: siku ya etasivili ni lini? Huko nako tufike.