Siku Moja Katika Kisiwa cha Mombasa

Watu wengi wa bara huijua Mombasa kwa mambo mawili, joto na bahari. Wafikapo huko kwa kazi au kwa arusi, huoga pwani, hupigwa picha chini ya pembe za ndovu, kisha hurudi makwao wakisema kwamba wameuona mji. Lakini kisiwa hiki kidogo kina mambo mengi, na rafiki watatu au wanne wenye miguu mizima waweza kuyaona yaliyo bora kwa siku moja, bila ya kutumia fedha nyingi. Yawapasa tu waamke mapema kabla jua halijawa kali, tena wawe na adabu ya mgeni.

Siku hiyo yafaa ianze kwa chakula. Tangu asubuhi, katika vijia vya Mji wa Kale, mahamri hukaangwa, na mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi huwa tayari sufuriani. Rafiki waketi pamoja, wale washibe, maana kazi ya miguu ni kubwa.

Baada ya hapo waende Ngomeni, yaani Fort Jesus. Ngome hii ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, juu ya mwamba wa matumbawe, kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Kuta zake ni nene, na buruji zake nne huyatazama maji na mji. Mtu asimamapo juu yake akaona mlango wa bandari ya kale, hutambua mara moja kwa nini watu waliuana kwa ajili yake. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na mazingira hayo yakadumu karibu miaka mitatu. Njaa na maradhi viliwaua waliokuwa ndani kuliko mizinga, na mnamo Desemba 1698 ngome ikatwaliwa. Meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyotolewa humo baharini vimewekwa katika makumbusho ya ngome.

Jambo moja lisisahauliwe. Tangu 1895 hata 1958 Waingereza waliitumia ngome hii kuwa gereza. Panapotembea watoto wa shule leo wakicheka, wafungwa walilala usiku mwingi wakisikia mawimbi wasiyoweza kuyaona. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Watokapo Ngomeni, rafiki wataiona mbele yao Ndia Kuu, ambayo ni njia ya kale ya mji. Mtu wa bara asidhani kwamba jina hilo limekosewa. Katika Kimvita, lugha ya wenyeji, njia huitwa ndia. Tena yafaa karani ajue kwamba mkutano wa 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulifanyika Mombasa yenyewe. Hata hivyo Kimvita hakikufa. Ndicho alichotungia mashairi Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa mji huu katika karne ya kumi na tisa, na hata leo husikika barazani.

Katika njia hii watazame milango ya nakshi na roshani za mbao zilizotokeza juu ya vichwa vya wapitao. Wafike Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe, kisha bandari ya kale, ambako majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalileta tende na mazulia, yakarudi na boriti za mikoko. Lakini wakumbuke kwamba hizi ni nyumba za watu. Mgeni asichungulie madirishani, wala asimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Atangulize salamu. Asalimuye vizuri aweza kukaribishwa barazani, akamiminiwa kahawa chungu kutoka katika dele, pamoja na kipande cha halua.

Mkulima atapendezwa zaidi na Marikiti, soko la Barabara ya Digo lililofunguliwa mwaka 1914. Iliki, mdalasini na pilipili manga hunukia pale hata nje ya mlango. Karibu na viungo hivyo kuna viazi na kabichi zilizosafiri kutoka bara. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, aliandika kwamba watu wa kisiwa hawakulima nafaka bali waliletewa kutoka ng'ambo. Hivyo kwa karne nyingi jembe la bara limekuwa likiilisha meza ya kisiwani, na mkulima alaye biriani mchana huo asijione mgeni kabisa. Wali huo na uletwe katika sinia moja, pamoja na kachumbari na ndimu. Walao pamoja hawahesabiani matonge.

Alasiri wapite Mtaa wa Biashara kuwanunulia wake na mama zao leso, wayasome majina yake kwa makini kabla ya kulipa, kwani leso yenye maneno ya kejeli yaweza kuleta ugomvi nyumbani! Kisha waende Barabara ya Moi, zilipo pembe za ndovu zilizosimamishwa kwanza mwaka 1952. Magharibi iwakute kando ya bahari kwenye Barabara ya Mama Ngina, wakinywa madafu na kula mihogo iliyotiwa pilipili na ndimu, huku meli kubwa zikiingia Kilindini.

Wapiganie nauli ya kurudi, lakini wasione uchungu kuacha shilingi kidogo katika Mji wa Kale. Ngome ina serikali ya kuitunza. Roshani za Ndia Kuu huliwa na chumvi na mvua, na mwenye nyumba ndiye atafutaye fundi na mbao. Pengine ni yuyo huyo auzaye mahamri au kahawa mlangoni. Akikosa riziki, huuza nyumba yake, na mnunuzi aweza kuibomoa. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Apitaye akitazama tu hamponyi mtu. Bali rafiki walao kwa mwenyeji, wakalipa kwa haki na kumwachia salamu njema, wamemsaidia kubaki nyumbani kwake.