Kongoti wa Kirumba na Mkuyu wa Shangazi

Msafiri aingiaye Mwanza kwa barabara ya Shinyanga hulakiwa na mawe kabla hajalakiwa na watu. Mawe yamekaa juu ya mawe, na nyumba nazo zimepanda vilimani hadi zikabanana nayo bega kwa bega. Macho yakishazoea mawe, huanza kuona ndege. Wamesimama juu ya mapaa ya maghala, juu ya nguzo za taa, juu ya miti iliyokauka vilele kwa kinyesi chao. Hawaimbi wala hawana haraka. Wamejikunyata kama wazee wa baraza waliovaa makoti meusi ya kuazima.

Hao ndio kongoti. Wengi mjini huwaita korongo tu, na majirani zetu wa Kampala huwaita kalooli. Kongoti aliyekomaa hufikia kimo cha mita 1.5, na akikunjua mabawa huweza kupita mita 2.5 kutoka ncha hadi ncha. Kichwa chake ni upara wenye vinyweleo vichache, shingoni ananing'iniza mfuko wa ngozi, na miguu yake, ambayo kwa asili ni ya rangi iliyokoza, huonekana myeupe kwa sababu huinyea mwenyewe ili kupoza mwili wakati wa joto. Kwa sura, lazima tukiri, hakupendelewa.

Lakini mimi sikwenda Mwanza kwa ajili ya ndege. Nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu, ambaye anaishi Kirumba katika nyumba ya vyumba sita. Viwili anakaa mwenyewe na wajukuu, vinne amepangisha. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akaitika, kisha kabla hata sijaketi akasema:

"Baba, umekuja siku nzuri. Leo tunauhukumu mti."

Mti wenyewe ni mkuyu uliosimama nyuma ya nyumba tangu kabla ya nyumba kujengwa. Chini yake wapangaji hufulia, watoto hucheza, na jioni shangazi hutandika mkeka wake. Juu yake nilihesabu matago matano ya kongoti, kila moja ni jukwaa la vijiti lenye upana wa karibu mita moja. Kinyesi chao kilikuwa kimeichora bati yote upande wa nyuma. Mvua ikinyesha, maji ya bati hiyo huingia kwenye gata, na kutoka kwenye gata huingia katika tangi la lita 1,000. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakinywewa siku ambazo bomba limekauka. Mjukuu mdogo wa shangazi, mtoto wa miaka minne, alikuwa ameharisha mara mbili katika msimu huo mmoja wa mvua, na mara ya pili alilazwa. Kwa hiyo hapakuwa na mzaha katika kikao kile.

Mpangaji mmoja, seremala, alitaka shoka. Kijana mwendesha bodaboda alitaka manati. Mama mmoja anayechuuza samaki alitoa shauri la tatu kwa sauti ya chini: sumu ndani ya mapanki, ikaachwa uani usiku. Shangazi alinigeukia. "Wewe ni mtu wa magazeti. Sema." Niliomba siku moja. Nilijua kwamba sijui, na mwandishi asiyejua hana budi kwenda kutazama.

Alfajiri iliyofuata nilikwenda Mwaloni Kirumba. Huko ndiko penye soko kubwa la samaki, ambako wanunuzi huja kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na ambako magunia ya dagaa kutoka visiwani hushushwa mabegani mwa wachukuzi wasiokubali kuzuiliwa njia. Mchana pale huwezi kujua nani ana kazi zaidi, binadamu au ndege. Mwewe hushuka kama jiwe na kupaa na utumbo wa samaki. Yangeyange weupe hutembea majini kwa adabu. Kongoti wao husubiri kando ya lundo la taka, na panki likitupwa, hulimeza zima pamoja na miiba yake.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuingia kichwani. Viwanda vya kuchakata sangara vilipoanza kazi mjini katika miaka ya 1990, minofu ilikwenda ng'ambo, vichwa na mifupa vikabaki. Ndiyo mapanki hayo, chakula cha wengi wetu na cha ndege pia. Kongoti ni mwenyeji wa nchi hii, anayeishi kwa kula mizoga, na huko porini hufuata simba na tai. Mjini anafuata ndoo ya taka. Kampala walijifunza hayo mapema: katika miaka ya 1970 huduma za usafi zilipodorora na taka zikalundikana, kalooli waliongezeka na kuzaliana katika miti ya katikati ya mji, na hadi leo hawajaondoka.

Nilizungumza na mama mmoja muuza dagaa, mwenyeji wa upande wa Ukerewe. Zamani, alisema, alikuwa akianika dagaa mchangani. Ndege walikula sehemu, na sehemu nyingine waliichafua. Dagaa mwenye mchanga na kinyesi hanunuliwi kwa chakula cha watu, huuzwa kwa bei ya kutupa akawe chakula cha kuku. Basi akamweka binti yake wa darasa la nne kuamia dagaa kwa fimbo, kama watoto wa Magu na Misungwi wanavyoamia mpunga dhidi ya kwelea. Msimu mzima mtoto hakuiona shule. "Siku mwalimu alipokuja nyumbani," alisema, "niliona haya kuliko siku niliyokosa mtaji." Alikopa fedha kwa kikundi chake, akajenga vichanja vilivyoinuka hadi kiunoni, akavitandikia wavu chini na kuvifunika wavu mwingine juu. Dagaa hukauka haraka kwa kuwa upepo hupita pande zote, ndege hubaki wakitazama, na binti amerudi darasani.

Nilimuuliza kama hakuwahi kufikiria sumu. Alinitazama kama aliyemtukania mzazi. Alinikumbusha mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya wavuvi waliovua kwa sumu, na jinsi soko lilivyonyamaza.

Niliporudi nyumbani nilipita uani kwa makusudi. Nyuma ya choo, hatua kama ishirini kutoka kwenye mkuyu, kulikuwa na shimo lisilo na kifuniko lililojaa utumbo na magamba. Mwenye shimo alikuwa yule yule mama mchuuzi, mwenye shauri la sumu. Mezani kwangu Dar es Salaam ningeweza kumwandikia maneno makali. Pale uani, nilipomwona ameinama juu ya beseni tangu saa kumi za usiku ili watoto wake watatu wale, makali yaliniishia.

Kikao kilirudi jioni. Nilianza na sheria, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyepesi kueleza: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumuua mnyama au ndege wa porini bila kibali. Sumu nayo haichagui. Panki lililokusudiwa kongoti laweza kuliwa na mbwa, bata wa jirani, au mtoto. Seremala alisema Zanzibar na Dar es Salaam mbona wanaua kunguru. Hoja yake ilikuwa na uzito. Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akageuka adui wa vifaranga na wa ndege wa asili, akaenea pwani yote. Dar es Salaam imemtega na kumwekea sumu kwa vipindi mbalimbali, na mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Lakini kazi hiyo hufanywa na wataalamu kwa kibali, na hata hivyo bado kunguru wapo, kwa maana jalala nalo bado lipo.

"Kwa hiyo tukae na mavi yao?" aliuliza kijana wa bodaboda, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza.

Hapana. Tulikubaliana kwanza kuifungua gata ya upande wa nyuma ili maji yake yamwagike nje, na tangi lijazwe na bati ya mbele tu, baada ya kuoshwa lote. Na maji ya kunywa yachemshwe hata hivyo. Seremala alijitolea kutengeneza kifuniko cha shimo, na mama mchuuzi atafukia utumbo kwa udongo kila siku badala ya kila anapokumbuka. Kinyesi kilichokauka kitalowanishwa maji kabla ya kukwanguliwa, na mkwanguaji atajifunga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi lake huweza kubeba ukungu unaodhuru mapafu. Matundu chini ya kenchi, ambamo njiwa wameanza kuingia, yatazibwa kwa wavu wa chuma. Sanamu na kanda za kaseti zinazometameta hatukuzipigia kura; kongoti huziogopa siku tatu, ya nne huzikalia.

Ulibaki mkuyu. Mayai ya kongoti hulaliwa siku kama 30, na kinda huhitaji zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka, na matagoni makinda walikuwa tayari wanagonganisha midomo. Seremala alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atasubiri warukao waruke, ndipo akate matawi yale tu yanayoining'inia bati, na matago yaliyobaki matupu ayaangushe kabla hayajakaliwa tena. Shangazi hakusema ndiyo wala hapana. Alikunja mkeka wake, akautandika upya upande wa pili wa shina, mahali pasipo na tago juu.

Niliondoka Jumatatu kabla ya jua kuchomoza. Kifuniko kilikuwa tayari kimewekwa, mbao mpya zikinukia msonobari. Juu ya ukuta wa choo alisimama kongoti mmoja, akikitazama kwa jicho moja, kisha kwa lile jingine.

"Huyo atakaa hapo mpaka lini?" nilimuuliza shangazi.

"Mpaka yule mama asahau siku moja," alijibu, akanikabidhi kifurushi cha dagaa wa kupeleka nyumbani.