Kutoka Benki Hadi Ushauri wa Biashara

Sisi ni mtu na mdogo wake, na sote tulianza kazi Kampala katika benki moja, idara ya mikopo. Kutwa kupiga hesabu za riba! Sheria ya Uganda iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2016, lakini ya kwanza ilipata leseni 2023. Hatukungoja. Tukahamia kampuni ya ushauri wa uendeshaji. Mshahara ukapungua, mama akanuna. Hesabu tulizijua, ila kumuuliza mwenye duka kwa nini mali inalala stoo, hilo tulijifunza upya. Mteja wetu wa tatu akawa mkopeshaji wa riba. Tukamwambia bosi hiyo hatuiwezi. Akanyamaza, kisha akawapa wenzetu. Kodi ya mama tunalipa bado, alhamdulillah, ingawa kwa kuchelewa.