Kitasa Bila Ufunguo



Kila baada ya miaka mitatu, katika Dominika ya 21 ya Mwaka A, Kanisa hutusomea habari za Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme kule Yerusalemu, aliyejichongea kaburi la fahari mahali pa juu. Nabii Isaya (22:15-25) anamtangazia kwamba atavuliwa cheo chake, na ufunguo wa nyumba ya Daudi utawekwa begani mwa Eliakimu. Wengi wetu hulisikiliza somo hilo kwa haraka, tukiisubiri Injili ya siku hiyo, Mathayo 16, ambamo Petro anakabidhiwa funguo za Ufalme. Tunamkumbuka aliyepewa, tunamsahau aliyenyang'anywa. Mimi siku hizi namfikiria Shebna zaidi, na sababu yake ni kitasa cha mlango wa gari.

Mama mmoja wa parokia yetu alifiwa na mumewe. Marehemu aliacha Toyota Corolla ya miaka ya 1990, imeegeshwa mbele ya nyumba, milango yote imefungwa. Siku ya kuanua matanga ufunguo haukuonekana. Kila mtu pale alijua uko kwa nani, na hakuna aliyesema. Shemeji mmoja alitamka tu kwamba gari ni la ukoo, na ukoo utakaa kikao. Ndani ya buti ilikuwamo cherehani ya mama huyo, ambayo mumewe alikuwa akiipeleka kwa fundi siku alipougua. Basi kilichofungiwa mle hakikuwa gari peke yake. Ulikuwa ugali wa watoto watatu.

Miezi ikapita. Mahakama ikamteua yeye mjane kuwa msimamizi wa mirathi, lakini barua ya mahakama haiingii kwenye tundu la kitasa. Ndipo alipokuja ofisini. «Baba, ni dhambi kuling'oa kufuli la gari la marehemu? Yesu mwenyewe amesema asiyepita mlangoni ni mwizi.»

Alikuwa ameisikia vizuri Yohane 10. Nilimjibu kwamba katika sura hiyohiyo mwizi hatambulikani kwa njia aliyopita tu, bali pia kwa lile analolijia; naye mchungaji ni yule ambaye kondoo ni wake. Nikamwonyesha Katekisimu, namba 2401: amri ya saba hukataza kuchukua mali ya jirani bila haki, na hukataza vilevile kuishikilia. Neno hili la pili hatulihubiri vya kutosha. Mtu anaweza asiguse hata senti ya mwenzake, akaiba kwa kukaa na ufunguo mfukoni.

Tulimwita fundi vitasa, kijana Mwislamu wa mtaa wa pili. Kabla ya kufungua mkoba wake alidai mambo mawili: kadi ya gari na barua ya mahakama. Aliisoma barua hadi mwisho, akataka na mwenyekiti wa mtaa awepo. Nimewaona wasomi wasio na uangalifu huo.

Mlango ulipofunguka, mama alikwenda moja kwa moja kwenye buti, akaitoa cherehani, akaifuta vumbi kwa khanga yake. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa bado, kwa kuwa gari lisilo na ufunguo ni banda la kuku tu. Fundi alieleza kwamba silinda ya swichi ya kuwashia, katika magari mengi ya aina hiyo, haitoki mpaka ufunguo uwemo na ugeuzwe kidogo. Kwa hiyo huanzia mlangoni. Alipandisha kioo juu kabisa, akafungua skrubu za kishikio, akaubandua ubao wa ndani wa mlango kutoka kwenye vibanio vyake, akaikunja nailoni ya kuzuia maji, akaingiza mkono. Kitasa kile, kinachoonekana kigumu sana kwa nje, kimeshikwa kwa ndani na klipu moja ya chuma. Akaichomoa kwa bisibisi, akakitenga kitasa na fimbo yake, kikatoka.

Kisha alinionyesha jambo ambalo sikulijua. Ndani ya silinda kuna vibati vyembamba vilivyopangwa mstari, kila kimoja na springi yake na kimo chake. Ufunguo ukiingia, meno yake hukipeleka kila kibati mahali pake, na silinda hugeuka; kimoja kikijitokeza nje, hakuna kinachosogea. Kwa hiyo anayejua kuvisoma vibati huweza kuuchonga ufunguo ambao hajapata kuuona. Alivipima, akashika tupa, na baada ya muda ule ufunguo mpya ukageuka mlangoni, kisha kwenye swichi. (Magari ya sasa yenye chipu ndani ya ufunguo ni habari nyingine, alisema.)

Hapo nilimkumbuka Shebna. Aliyeuficha ufunguo alidhani ameshika gari, kumbe alikuwa ameshika kipande cha chuma. Umbo lake lote lilikuwa limebaki ndani ya kitasa. Naye mama, aliyepewa mamlaka, amepewa mzigo begani: msimamizi wa mirathi hutoa hesabu mahakamani, na watoto wana sehemu yao.

Mwishoni fundi aliuliza kama avipange upya vibati, ili ufunguo wa zamani usifungue tena. Mama alinyamaza kidogo. «Viache, mwanangu. Siku akiurudisha, na ufungue.» Mimi ningevibadilisha saa ileile, na nilimwambia hivyo. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. «Baba, wewe hujawahi kuolewa kwa watu.»

Gari sasa linakodishwa kwa safari za hapa mjini. Ufunguo wa zamani haujarudi hadi leo.