Kushuka Oldupai

Tulipoacha barabara ya Serengeti, ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umeshabaki nyuma, ni vumbi tupu. Punde tukasimama ukingoni mwa Korongo la Oldupai. Ardhi imejipanga tabaka juu ya tabaka: chini jiwe jeusi la volkano, juu yake kijivu, kisha jekundu linaloonekana toka mbali. Majivu ya volkano ndiyo yanayotaja umri. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, na kwa kuipima gesi hiyo wataalamu walitangaza mwaka 1961 kwamba fuvu la Zinjanthropus, zamadamu aliyepatikana hapa, lina miaka milioni 1.75. Mtafiti Louis Leakey mwenyewe alikuwa amekadiria miaka laki sita.

Mwongoza watalii alitushusha mpaka pale Mary, mke wa Louis, alipoliona fuvu hilo tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa kambini anaumwa. Kwenye makumbusho akanishika mkono. "Kaka, hebu tazama magego haya." Kweli ni mapana ajabu, na utosini pana ukingo wa mfupa ulioshika misuli ya taya. Huyu alikuwa mtafunaji hasa. Ubongo wake ulikuwa kama sentimita za ujazo 500. Wetu unakaribia 1,350.

Wengi tumekua na ule mchoro wa sokwe anayenyanyuka hatua kwa hatua hadi akawa mtu. Oldupai inaukataa. Katika matabaka ya umri huohuo yametoka mabaki ya Homo habilis, aliyepewa jina mwaka 1964, mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi. Zamadamu hao wawili waliishi zama moja, kando ya ziwa lilelile, na tawi la Zinjanthropus likakauka bila kuacha uzao.

Laetoli, penye nyayo za zamadamu wa kale zaidi, iko kusini, kilomita 45 hivi. Nyayo zenyewe huzioni. Zilifukiwa tena miaka ya 1990 zisiharibiwe na mizizi na mvua, na naona walifanya vyema. Nilikaa sana mbele ya nakala yake. Kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na wenzake, hakikujitenga kama cha sokwe. Zamadamu hao walipita kwenye majivu mabichi miaka milioni 3.66 iliyopita, wakiwa na ubongo usiozidi sana wa sokwe. Zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Basi miguu ndiyo iliyotangulia. Akili kubwa ilikuja nyuma sana.

Mwaka 2014 na 2015 Profesa Fidelis Masao na wenzake walichimba mashimo ya majaribio huko Laetoli, kukagua eneo lililopangwa kujengwa makumbusho, wakakuta nyayo nyingine mita 150 tu kutoka zile za awali. Majivu yaleyale yanaendelea chini ya malisho, na sehemu kubwa haijafunuliwa. Ningependa vijana wa vyuo vyetu ndio wawe wa kwanza kuzisoma nyayo zilizobaki humo.