Mlingoti wa babu na simu yangu

Nilipotea kidogo, test zilitukaba koo, ila sasa nimepumua na kuna jambo limenikaa kichwani, ngoja nilitue hapa.

Limeanzia chumbani kwetu hapa Ushirika. Nakaa na jamaa mmoja wa Unguja, mtu wa watu kabisa, ila akianza kutusimanga sisi wa bara hachoki. Juzi umeme umekatika, tupo gizani, akaanza: "Nyie Wachaga mnajifanya wajanja wa kompyuta, babu yangu kaangalia tivii ya rangi nyie mnawasha koroboi!"

Kinachouma ni kwamba anasema kweli. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, wakati kuna nchi zilikuwa bado zinahangaika na picha ya nyeusi na nyeupe. Huku bara tukasubiri hadi 1994. Miaka 21, nchi moja, bendera moja! Nikamjibu kwamba ile nayo ilikuwa ya serikali, kwa hiyo babu yake alikuwa anaangalia kwa rangi kile ambacho wakubwa wametaka akiangalie. Akacheka, akalala. Mimi usingizi ukagoma.

Watu wa kozi yetu mnajua kwamba nchi hii iliwahi kupiga marufuku kompyuta? Si utani jamani. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye wakaingia kwenye mfumo mkubwa zaidi wa hesabu za serikali, ukavurugika vibaya na fedha zikapotea. Mwaka 1974 ikatoka amri: marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, na televisheni nazo zikawekwa kapu hilo hilo. Ukitaka kuingiza ilibidi uwe na kibali maalumu. Yaani hiki ninachosomea, na kile kilichokuwa kinamfurahisha babu wa mwenzangu kule Unguja, vilizuiwa kwa kalamu moja.

Zamani nilikuwa nacheka nikisoma habari hii, sasa sicheki sana. Fedha za kigeni zilikuwa ngumu, na redio ilikuwa inafanya kazi kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima kama milioni 2 kwenye vikundi vijijini, wanasikiliza redio, wanajadili, halafu wanatoka kwenda kuchimba vyoo. Nitajie programu moja ya simu iliyochimbisha Watanzania vyoo. Kwa hiyo wazee hawakuwa wajinga. Nisichokubali ni kwamba mtu mmoja ofisini anaamua kwa niaba ya nchi nzima, na akishaamua unakaa miaka 20.

Ila kwetu Himo hatukukaa. Kwa wasiopajua, Himo ni pale ambapo ukitoka Moshi, ukinyoosha unafika Holili mpakani, ukikata kushoto unapanda Marangu. Sisi ni watu wa mpakani, na mambo ya marufuku huwa tunayasikia kwa sikio moja. Babu yangu alikuwa na televisheni kabla ITV haijazaliwa. Ilipitaje, hajawahi kunieleza vizuri, na mimi sijawahi kuuliza vizuri. Alifunga antena kwenye mlingoti mrefu kuliko nyumba, akaielekeza Kenya, na kijana mmoja kazi yake ikawa kuuzungusha huku wa ndani wanapiga kelele "hapo hapo, acha!" Picha ilikuwa na chenga kama mvua ya mawe, lakini ilikuwa picha.

Walichokiona sasa! Taarifa ya habari ya Kenya enzi zile ilifungua na Rais Moi, Moi kaenda kanisani, Moi kapanda mti. Babu anasema kuna wakati alijua ratiba ya Moi kuliko ya Mzee Mwinyi. Kwa hiyo msidhani nasema ng'ambo kulikuwa na uhuru. Alikuwa anatazama propaganda ya jirani badala ya kukaa bila chochote.

Vyama vingi vikaja 1992, na mwaka 1994 ITV ikaanza, ya marehemu Mengi, mtu wa Machame huko juu. Uchaguzi wa 1995 Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo wakakaa kwenye mdahalo na televisheni ikaonyesha. Mrema ni wa Vunjo, na Himo ni Vunjo, kwa hiyo mnaweza kufikiria hali ilivyokuwa nyumbani. Babu anausimulia mdahalo ule kama mpira wa Simba na Yanga, nani alibanwa, nani alichomoka. Mimi nimezaliwa baadaye, na katika uhai wangu sijaona wagombea urais wetu wakikaa meza moja namna ile. Nilichokiona mimi ni Bunge. Novemba 2014, mjadala wa Escrow, Zitto anasoma ripoti, kinyozi kaacha kichwa cha mtu nusu, wote macho kwenye kioo. Miezi 14 baadaye, Januari 2016, ikatangazwa kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, sababu gharama. Tukawa tunaletewa vipande usiku. Kinyozi akaweka muziki.

Sasa nije kwenye lililoninyima usingizi. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, nilikuwa nyumbani Himo, chuo hakijafunguliwa. Mtandao ukazimika. Mwanzo nikadhani bando limeisha. Nikawasha na kuzima simu mara kumi, mtu wa kompyuta mzima! Baadaye tukaelewa kwamba ni nchi nzima. Televisheni zetu zinasoma matokeo, na simu za kawaida zinaleta minong'ono kwamba watu wanapigwa risasi Dar. Dada yangu anaishi Dar. Babu akanitazama navyohangaika na simu akauliza, "Kwani hiyo haina antena?"

Nilitaka kucheka lakini nilikosa jibu, kwa sababu swali lake ni la kitaalamu kuliko alivyodhani. Mawimbi ya televisheni ya zamani yalirushwa hewani, mwenye antena ananasa. Mrushaji hajui nani ananasa, na mawimbi hayaombi viza Holili. Dijitali ikaja: Dar walizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, Kenya nao 2015, na mlingoti wa babu ukawa wa kufungia kamba ya nguo. Sasa lazima king'amuzi. Picha safi, sikatai, lakini kuna mtu ameshika ufunguo. Agosti 2018 si mnakumbuka chaneli za bure kama ITV zilivyotolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kwa mambo ya leseni? Na intaneti ndiyo kabisa. Inaingia nchini kwa mikongo michache, inapita kwenye kampuni chache zenye leseni, ikitoka amri wanafunga. Tunafundishwa kwamba kila teknolojia mpya inafungua milango. Mimi naona kila moja imeongeza kufuli, na televisheni ya babu yenye chenga ilikuwa ngumu kuzimwa kuliko simu yangu.

Na si bara tu. Kenya hao hao, tarehe 30 Januari 2018, Raila anajiapisha Uhuru Park, serikali ikazima NTV, KTN na Citizen.

Siku ya tatu jirani mwenye laini ya Kenya akasogea Holili, akanasa mnara wa upande wa pili. Watu wakampa namba za ndugu zao walioandikwa kwenye karatasi, na yeye anatuma ujumbe kwa ndugu walioko nje ili nao wapige Dar, maana wengine walikuwa hawapatikani tangu uchaguzi. Namba ya dada ilikuwa ya nne kwenye karatasi. Jioni jibu likaja: yupo ndani, mzima, hajatoka siku tatu. Mama akaenda jikoni bila kusema kitu. Mtandao ulirudi tarehe 3 Novemba.

Tangu siku hiyo nimebadilisha wazo la projekti yangu ya mwisho. Nataka kutengeneza programu ya kupeleka ujumbe simu hadi simu kwa Bluetooth, bila mnara, bila bando, ujumbe unaruka kutoka duka hadi duka mpaka umfikie mtu. Kwa sokoni Himo nimepiga hesabu, simu zilivyobanana pale inawezekana. Tatizo ni mwenzangu wa kundi. Anasema tufanye mfumo wa vikoba kama wengine, tupate maksi zetu tuondoke, kwa nini tujitafutie maswali? Simlaumu, kwao wanamtegemea. Karatasi ya jina la projekti tunarudisha Ijumaa.

Mliokuwa Namanga, Sirari, Mutukula, Kasumulu siku zile tano, nyie mlifanyaje? Niambieni kabla ya Ijumaa.