Nianze na Kipi?

Ndugu msomaji, huenda nawe umekwisha kuulizwa na kijana wa nyumbani mwako swali aliloniuliza binti yangu juzi: katika vitabu vya Willy Gamba, aanze na kipi? Usimjibu upesi. Mimi nilipata kulijibu swali hilo kwa uwongo, na aliyeniuliza alikuwa baba yangu mzazi.

Tulikuwa tukikaa Ifakara, ambako baba alikuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli ya TAZARA. Kusoma alijifunzia ukubwani, katika madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, miaka ya 1970. Alikwisha kuvichoka vitabu vya kisomo vilivyomwelekeza namna ya kulima, naye mpunga ameulima tangu utotoni. Alitaka hadithi. Mwaka 1982 nilikwenda likizo kutoka Dar es Salaam nikiwa na Njama, cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka uliotangulia. Baba alikigeuzageuza, akauliza, "Hiki ndicho cha kwanza?" Nikamjibu kuwa ndicho. Nilidhani mzee anayefuata maneno kwa kidole hataona tofauti.

Alikisoma kwa sauti usiku hata usiku, kibatari kikimfukizia moshi usoni, mama akimsikiliza huku akichambua mchele. Alipokaribia mwisho, mwenzake wa kazini akamwazima Kufa na Kupona. Jioni ile baba hakula. Aliviweka vitabu vyote viwili mbele yangu, akafunua ukurasa ule wa mwanzo ambao wengi wetu huuruka, akaniamuru nisome. Nikasoma: 1974. Kisha nikasoma: 1981.

"Umeniona sina macho," akasema. Kwa siku tatu hakunisemesha.

Nilijitetea moyoni kwamba kila kitabu kina kisa chake kiishiacho humo humo. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu wengi huvisoma kama wavipatavyo. Sisi wa Ifakara tulisoma kile kilicholetwa na treni. Lakini fikiri, msomaji. Kufa na Kupona, ambamo Willy Gamba anazifuata Nairobi nyaraka za siri za ukombozi zilizoibwa, kilitoka wakati Msumbiji na Angola zingali chini ya Wareno. Zilijitawala mwaka 1975. Kikosi cha Kisasi, kinachompeleka Kinshasa, kilitoka mwaka 1979, na Zimbabwe ikapata uhuru mwaka uliofuata. Uchu kilipotoka mwaka 2000, ilikwisha kutimia miaka sita tangu Waafrika Kusini wote wapige kura. Anayeanzia mwisho anakwisha kujua nani alishinda, na roho ya msomaji wa 1974, ambaye hakujua, hawezi kuipata tena.

Baba hakuhitaji kufundishwa hayo. Reli aliyoitengeneza ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate njia ya baharini isiyopita mikononi mwa walowezi wa Rhodesia na makaburu. Siku ya nne, aliponisemesha, alisema treni itokayo Dar es Salaam haifiki Mlimba kabla ya Ifakara. Basi.

Akaanza upya. Kikosi cha Kisasi nilimtafutia mimi, nikampelekea kwa mkono wangu; Kikomo alikipata mwenyewe. Njama alikirudia chote, kuanzia ukurasa wa kwanza, kana kwamba hajapata kukiona, na safari hii hakuniuliza kitu.

Nakala hiyo ya Njama ninayo mpaka leo. Binti yangu ndiyo aliyoiokota kabatini, akaona ndani ya jalada tarakimu kubwa ya penseli, iliyokolezwa mara mbili: 4. Ndipo akauliza. Ile ya 1 baba aliirudisha kwa mwenyewe zamani. Jumamosi nitapita kwa wauza vitabu vya mitumba, niitafute.